Kwa Baiskeli Hadi Kizimbani: Tuisome Nchi Yetu kwa Mwendo wa Pedali

Majumba ya kale, mashamba ya karafuu na msitu wa Jozani haviko mbali na Darajani. Wageni huvifikia kila siku. Je, wewe na watoto wako mmevifikia?

NDUGU msomaji, ikiwa wakaa Michenzani, Kikwajuni au katika vichochoro vya Mji Mkongwe, yumkini baiskeli yako waijua kama chombo cha kazi tu. Asubuhi inakupeleka bandarini, karakana au ofisini. Jioni inarudi na fungu la samaki kwenye karia, au na mtoto aliyekaa mbele kwenye fremu akitoka skuli. Siku ya Jumapili huegemezwa ukutani ipumzike pamoja na mwenyewe. Makala haya yanakuomba kwamba Jumapili moja uipe kazi nyingine: ikuchukue ukaitazame nchi yako.

Jambo hili si la anasa wala si la watu wenye fedha nyingi. Huko Uingereza chama cha wasafiri wa baiskeli kiliundwa mwaka 1878, na wanachama wake walizunguka vijiji na milima ya nchi yao kwa nguvu za miguu. Nchini Ufaransa, wafanyakazi walipopata mwaka 1936 haki ya likizo ya wiki mbili yenye malipo, maelfu yao walifunga mizigo juu ya baiskeli, mume na mke wakaenda kuiona bahari na milima ambayo hadi wakati huo ilikuwa ya matajiri. Jirani zetu wa Kenya nao wanayo hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, ambamo mtu huruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya majabali huku twiga na punda milia wakila majani kando ya njia.

Sisi wa Unguja hatuna majabali ya namna hiyo. Hapana kilele hapa kinachofika hata mita 200. Lakini yeyote aliyepata kukanyaga pedali kutoka Bububu kwenda Kidichi atakuambia kwamba kisiwa hiki si tambarare kama kinavyoonekana kutoka dirishani mwa gari. Na hapo ndipo penye faida ya baiskeli. Gari hupita upesi mno, na kwa miguu utafika mahali pamoja tu kabla jua halijawa kali. Mwenye baiskeli huenda mbali, na tena huuhisi mwinuko wa ardhi katika misuli yake. Katika Unguja, ndugu msomaji, kuujua mwinuko wa ardhi ni nusu ya kuijua historia.

ARDHI INAVYOSEMA

Upande wa magharibi wa kisiwa una vilima virefu vilivyolala kaskazini kwa kusini, vyenye udongo mwekundu mzito ambao wakulima huuita kinongo. Mikarafuu hupenda udongo huo. Chini ya vilima hutoka chemchemi, na karibu na chemchemi ndipo masultani walipojenga majumba yao na ndipo mji ulipopata maji ya kunywa. Upande wa mashariki na kusini ni uwanda: mawe ya matumbawe yenye udongo kidogo, vichaka na mashimo. Huko ndiko Wahadimu walikobaki wakilima mtama, muhogo na viazi, baada ya wenye mashamba makubwa kuitwaa ardhi nene ya magharibi.

Mambo haya yote yameandikwa vitabuni. Lakini mtoto anayesoma kitabuni kwamba ardhi ya magharibi ni nzuri na ya mashariki ni ngumu huenda akasahau kesho yake. Mtoto aliyepanda kinongo asubuhi akihema na kuvuka mawe ya uwanda alasiri, akaziona kwa macho yake mikarafuu ikikoma na vichaka vikianza, hatasahau.

KAGUA CHOMBO CHAKO

Kabla ya safari, mpe fundi baiskeli yako siku mbili mapema, au uikague mwenyewe. Bonyeza matairi, jaribu breki zote mbili, tia mafuta kwenye cheni, zungusha kila gurudumu uone kama spoku zimekazwa. Breki ni jambo la kwanza, kwani ukipanda kilima huna budi kushuka, na mteremko wa Kidichi hauna huruma na breki iliyochoka. Chukua pampu, viraka, solusheni na spana moja au mbili. Chukua maji ya kutosha kila mtu. Baiskeli ya kawaida isiyo na gia, kama Phoenix au Raleigh ya babu, inatosha kabisa. Mwinuko ukikushinda, shuka uisukume. Hapana aibu katika hilo.

Chagua vilevile majira. Masika, kati ya Machi na Mei, njia za mashamba huwa tope. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mizuri zaidi, maana hewa ina ubaridi na kusi inavuma. Kumbuka tu kwamba kusi itakusukuma ukienda kaskazini, na wakati wa kurudi itakukabili usoni. Kwa hiyo usizimalize nguvu zako zote asubuhi. Ondoka baada ya sala ya alfajiri, kabla daladala hazijajaa barabarani.

KUTOKA FORODHANI HADI BUBUBU

Anzia Forodhani, na kabla hujaondoka litazame jumba la Beit al-Ajaib. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, nalo likasimama zaidi ya miaka 130, likaona masultani, mabalozi, Mapinduzi na jumba la makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka. Mji Mkongwe ulikwisha kuingizwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, lakini heshima hiyo haikuzuia paa kuanguka. Waambie watoto jambo hili mwanzoni mwa safari, ili wafahamu kwamba vitu watakavyoviona njiani havikuahidiwa kudumu milele.

Pita Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873 na kanisa kuu kujengwa juu ya uwanja wake. Toka kwa njia ya Darajani, penye soko lililojengwa mwaka 1904, kisha ushike barabara ya kaskazini kupitia Kinazini.

Katika kilomita ya nne hivi utaona upande wa bahari nguzo nene zimesimama bila ya kubeba kitu. Hapo ni Maruhubi. Barghash alijenga jumba hili mnamo mwaka 1880 kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake, na husimuliwa kwamba waliishi humo mke mmoja na masuria tisini na tisa. Jumba liliungua mwaka 1899. Nguzo unazoziona zilishikilia baraza ya mbao, na moto ulipokwisha zikabaki zenyewe. Watoto hupenda kucheza kati yake. Waache wacheze, lakini wasizipande.

Mbele kidogo ni Mtoni, jumba la kale zaidi la masultani katika Unguja. Lilijengwa na Sayyid Said kabla ya katikati ya karne ya 19, na hapa ndipo alipozaliwa mwaka 1844 binti yake Salme. Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akajulikana kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake huko Ujerumani. Kitabu hicho kinaeleza ua mkubwa wa Mtoni ulimotembea tausi, paa na mbuni, na mamia ya watu walioishi ndani ya kuta zake. Leo zimebaki kuta zisizo na paa na mabaki ya hamamu. Kaa kitako penye kivuli, unywe maji, na uwaulize wanao: nani alifagia ua huo? Nani alibeba maji? Majina ya wenye jumba yamehifadhiwa. Ya waliofagia hayakuandikwa popote.

Bububu iko kilomita kumi hivi kutoka mjini. Mzee wa umri mkubwa aweza kukusimulia aliyoyasikia kwa wazazi wake juu ya reli ndogo iliyoanza mwaka 1905 kuchukua abiria kati ya Ngome Kongwe na kijiji hiki, ikapita barabarani ikitoa moshi katikati ya maduka. Baadaye iliacha kuchukua abiria, kwani magari yalikuwa yamekwisha kuingia. Na hapa Bububu ndipo penye chemchemi ambazo Barghash alivuta maji yake kwa mfereji hadi mjini. Juu ya kilima kilicho karibu ni msitu wa Masingini, unaohifadhiwa kwa sababu maji hayo huanzia humo. Mkazi wa mjini anayelalamika bomba linapokauka, na yafaa alalamike, angeelewa vyema zaidi tatizo hilo kama angeusukuma mwendo huu siku moja na kuona kwamba mti ukikatwa juu, ndoo hukauka chini.

KUPANDA KIDICHI

Sasa pinda kulia, uiache bahari nyuma. Barabara inaanza kupanda taratibu, halafu bila taratibu. Minazi inapungua, inaingia miembe, mifenesi, mikarafuu na midalasini. Usikanyage kwa pupa. Keti vizuri, vuta pumzi, na umtangulize aliye dhaifu kuliko wote ili yeye ndiye apime mwendo wa kundi. Aliye na nguvu na akae nyuma asukume kwa maneno mazuri.

Juu, mwendo wa kilomita zipatazo nne kutoka Bububu, kuna jengo jeupe la chini lenye makuba. Hiyo ndiyo hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 na Sayyid Said kwa ajili ya mkewe Shahrzad, mjukuu wa Shah Fath Ali wa Uajemi. Ndani utaona vyumba vya kupumzikia, mabirika ya maji, na kuta zilizofinyangwa kwa chokaa maua, mitende na ndege kwa ufundi wa Kiajemi. Sayyid Said mwenyewe alikuwa Mwibadhi, na Waibadhi hawapendi mapambo mengi. Kwa hiyo nakshi hizi zinatuambia kwamba bibi huyu alipewa nyumba ya kumkumbusha kwao. Unyevu umezila nakshi hizo kwa miaka mingi. Usizipapase, hata kama mtoto atalia kutaka kugusa tausi.

Wageni wengi hufika hapa kwa mabasi madogo, wakapiga picha, wakaonyeshwa vanila na hiliki katika mashamba ya viungo, wakaondoka. Wewe uliyekuja kwa baiskeli usirudi bado. Endelea hadi Kizimbani.

KIZIMBANI, MAHALI KARAFUU ILIPOANZA

Kizimbani hapavutii macho kwa haraka. Ni mashamba, vijia, nyumba za wakulima, na majengo ya utafiti na mafunzo ya kilimo. Lakini kama kuna mahali pamoja ambapo historia ya Unguja ya miaka 200 iliyopita iligeuka, basi ni hapa.

Karafuu si mti wa kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi inayoitwa leo Indonesia. Wadachi walishikilia biashara yake kwa nguvu hadi Wafaransa walipotorosha miche katika karne ya 18 na kuipanda kwenye visiwa vyao vya Bahari ya Hindi. Kutoka huko, mwanzoni mwa karne ya 19, mfanyabiashara Mwarabu jina lake Saleh bin Haramil aliileta Unguja. Miche ya kwanza ilishika mizizi Mtoni na hapa Kizimbani. Baadaye Saleh akatofautiana na Sayyid Said, na shamba likatwaliwa na sultani. Said alikwisha kuona kwamba mti huu ni dhahabu. Akaagiza kwamba kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na vilima vyote ulivyovipanda asubuhi vikageuzwa rangi.

Nani aliyeipanda? Hapa yatupasa tuseme wazi. Mkarafuu hudai kazi nyingi. Mche hutaka kivuli na maji ya kubebwa kwa mkono. Shamba hutaka kupaliliwa. Karafuu huchumwa ikiwa kikonyo kimoja kimoja kabla ua halijafunuka, juu ya matawi mepesi ya kuvunjika. Kisha huchambuliwa, makonyo yakawekwa mbali, na karafuu zikaanikwa juani juu ya majamvi siku kadhaa, huku mtu akichunga mvua isizinyeshee. Kazi hiyo waliifanya watumwa walioletwa kutoka bara, wengine kutoka mbali kama Ziwa Nyasa, waliotembea kwa minyororo hadi pwani na kuvushwa kwa majahazi. Harufu nzuri iliyokuwa ikiwapokea mabaharia kabla hawajauona mji ilikuwa harufu ya jasho lao.

Mwaka 1872 dhoruba kubwa iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi. Mwaka uliofuata biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Hata baada ya hapo, wengi walibaki katika mashamba yale yale wakiishi kwa ridhaa ya mwenye ardhi. Ilikuwa ni baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, ndipo ardhi ilipotaifishwa na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Mkulima utakayemwamkia hapa Kizimbani huenda babu yake alipata eka tatu katika shamba lililolimwa zamani bila ujira.

Sasa itafute hamamu ya Kizimbani. Nayo ilijengwa zama za Sayyid Said, lakini ni ndogo, na haina tausi wala maua. Ni kuta tupu, kuba na mabirika yaliyokauka. Wageni hawaijali sana, na kwa sababu hiyo yafaa sisi tuijali. Ukitoka Kidichi macho yako yamejaa nakshi, nakshi nazo humfanya mtu amfikirie bibi wa Kiajemi. Katika kuta tupu za Kizimbani hupati wa kumfikiria ila mwashi aliyepanga mawe, mchoma chokaa aliyepika matumbawe, na mtu aliyeteka maji kisimani akayamimina asioge yeye. Jengo lisilo na pambo linaionyesha kazi ya mikono waziwazi. Mtoto wa mfanyakazi anapaswa aione kazi hiyo, na ajue kuwa nayo ni urithi.

Kutoka hapa waweza kurudi mjini kwa njia uliyojia, mteremko ukikusaidia. Safari yote, kwenda na kurudi, haizidi kilomita 40. Kwa familia yenye watoto, hii ni siku kamili, tena iliyojaa.

DUNGA NA MSITU WA JOZANI

Wenye miguu ya chuma na watoto wakubwa wanaweza kuchagua Jumapili nyingine na njia ndefu zaidi. Kutoka Kizimbani kuna barabara ya kwenda Kiboje, na kutoka huko utafika Dunga, katikati ya kisiwa. Hapo kuna magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa Wahadimu, lililojengwa katikati ya karne ya 19. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmad alitawala watu wake huku akimkusanyia sultani kodi, na alipofariki mwaka 1865 cheo hicho kilikuwa kinaelekea ukingoni. Mwanawe aliyemfuata akafariki mwaka 1873, na hakuna aliyerithi tena. Wenyeji husimulia kwamba chokaa ya jumba ilichanganywa na damu za watu. Ikiwa ni kweli au ni hekaya, hofu iliyozaa maneno hayo ilikuwa ya kweli.

Kutoka Dunga nenda Jendele, kisha upinde kusini kwa njia ya Cheju, uvuke mabonde ya mpunga hadi Kaebona, ambako utakutana na barabara kuu ya kusini. Hapo ndipo utakapouona mpaka ule tuliousema. Kinongo kimekwisha, mawe ya uwanda yanachomoza, na mikarafuu imebaki nyuma.

Halafu ghafla barabara inaingia kivulini. Huu ni msitu wa Jozani, ulio kilomita 35 hivi kutoka mjini kwa barabara kuu, ambao tangu mwaka 2004 pamoja na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50. Acha baiskeli langoni, lipa kiingilio, umfuate mwongozaji kwa miguu. Miti hapa imesimama katika ardhi ambayo maji yake yako karibu sana na uso wake. Wakati wa mvua msitu hufurika.

Mwenye nyumba hapa ni kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani kama za mzee aliyeamka sasa hivi. Hapatikani porini pengine duniani ila katika visiwa vyetu. Jina la punju, yaani sumu, alipewa na watu wa zamani walioamini kwamba mti anaoula hufa. Wataalamu wamemwona akifanya jambo la ajabu zaidi: hula mkaa, akiuokota hata kwenye matanuri ya wachoma mkaa, kwani mkaa humsaidia kuyameza majani ya mikungu na miembe yenye vitu vinavyomdhuru tumboni. Hesabu iliyotangazwa miaka ya karibuni ilikuta kima wanaozidi 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Hata hivyo msitu wao umezungukwa na mashamba na nyumba, na barabara inaukata katikati. Magari yalikuwa yakiwagonga mara kwa mara, hadi yalipowekwa matuta. Vifo vilipungua, lakini havikwisha.

Mwendesha baiskeli na atafakari hilo anapopita. Yeye pia ni kiumbe anayetembea kando ya lami bila bati la kumkinga.

Wale watakaopata mahali pa kulala kusini wanaweza siku ya pili kwenda hadi Kizimkazi Dimbani, wakauone msikiti wenye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Kibla chake kilikuwa kimenakshiwa miaka mia saba kabla Kidichi haijajengwa. Vaa nguo ya heshima, omba ruhusa, na ungoje sala ikiwa imekimiwa.

ADABU YA NJIA

Safari hii haina maana bila adabu. Vijiji si bustani ya wanyama. Ukipita mbele ya watu, punguza mwendo na uamkie: wazee "shikamoo", na wengine "salamu alekum" kama desturi ya mahali. Ukitaka dafu au embe, nunua; usiangushe la mtu ukidhani ni la Mungu tu. Karafuu zilizoanikwa barabarani zizunguke kwa mbali, maana gurudumu moja laweza kuharibu kazi ya juma zima. Takataka zako rudi nazo.

Barabarani shika kushoto, mstari mmoja, mkubwa mbele na mkubwa nyuma, watoto katikati. Piga kengele kabla ya kona. Rudi kabla ya magharibi, au uwe na taa. Nao madereva wa daladala na wa magari ya watalii tunawaomba kwa heshima: mtu mwenye baiskeli hana pa kukimbilia ila mtaroni. Ukimpita, mpe nafasi ya kuyumba kidogo. Pengine amebeba mtoto.

NA BINTI JE?

Baadhi ya wasomaji watauliza kama safari hii ni ya wavulana tu. Zipo nyumba ambamo binti hufundishwa kupika, kushona na kusoma, lakini baiskeli hukatazwa kwa kuogopa maneno ya watu. Heshima haimo katika kukaa nyumbani. Imo katika mwenendo. Binti anaweza kuvaa suruali ndefu chini ya nguo pana, akafunga mtandio vizuri usinaswe na cheni, akaendesha pamoja na baba, mama au kaka zake bila ya kuvunja desturi yoyote. Daktari au mwalimu atakayepangiwa kazi kijijini kesho huenda akawa yeye. Itamfaa kujua kwenda mwenyewe.

Na mama naye asiachwe nyumbani na sufuria. Wali wa nazi waweza kupikwa usiku, ukafungwa, ukaliwa chini ya mfenesi wa Kizimbani na kila mmoja. Baba na aioshe sufuria jioni.

TUSIACHE WENGINE WATUONEE

Ndugu msomaji, wahenga walituambia tembea uone. Katika visiwa vyetu kila siku watu hutoka Ulaya, Marekani na Bara Hindi kuja kuona tunavyoishi karibu navyo bila kuviona. Hakuna ubaya wao kuja. Fedha zao zinasaidia vijiji vya Jozani na waongozaji wa Kidichi. Ubaya ni sisi kutokuja. Gofu ambalo wenyeji hawalijui huanguka bila mtu kupiga kelele. Msitu ambao watoto wa mjini hawajapata kuuona hauna wa kuutetea siku shoka litakapoingia. Na majina ya waliopanda mikarafuu, ambayo hayakuandikwa popote, hayana kaburi lingine ila kumbukumbu yetu.

Baiskeli unayo. Njia ipo, nayo haidai petroli. Jumapili ijayo jaza upepo, kaza breki, waamshe watoto mapema, mwende Kizimbani. Na mtakapokuwa mnapanda kile kilima cha Kidichi, jasho likiwatiririka, msilichukie. Kilima hicho kilipandwa kabla yenu na watu waliobeba mizigo mizito zaidi.